Shubiri Moja kwa Nusu Faranga

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, mwaka wa hamsini na sita, saa tatu asubuhi, kwenye baraza ya baba yangu hapa Mbugangari. Siku na saa nimezitoa kwenye daftari langu la likizo. Chini yake niliandika mstari mmoja tu: "Leo Shangazi kanitia aibu mbele ya wachukuzi."

Sasa nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Hawa na Konsolata, nyinyi wawili mnaonipokea kazi, msicheke. Mtu akiacha kazi aliyoizoea na kuwaachia wengine, amestaafu, hata kama hana mvi. Jumanne napanda lori kwenda shule ya walimu, na likizo ijayo cherehani itakuwa mikononi mwenu. Shangazi anasema niwaelekeze kwa mdomo kama watu. Lakini mnanijua. Nikiketi mbele yenu nitasema "ndiyo", "hapana" na "mtaona wenyewe", basi. Kwa hiyo naandika.

Shangazi Mwamini, dada yake baba, mnamjua kwa maandazi yake na kwa sauti yake. Asubuhi ile alikuwa amezunguka sokoni na bakuli la bati akiwaombea nguo watoto wa kule ziwani, wale ambao ziwa liliwachukulia baba zao, na wale wanaolelewa na nyanya zao. Shule ikifunguliwa mwezi wa tisa, mtoto asiye na gauni la buluu au kaptula ya kaki anarudishwa nyumbani. Shangazi alizijua nyumba hizo kwa sababu ndiko anakonunua samaki. Alirudi kwenye baraza yetu amechoka, bakulini mna kifungo kimoja na kipande cha sabuni kilichokwishatumika.

"Mtu akiona bakuli," alisema, "shingo inageuka yenyewe."

Mimi nilikuwa nashona foronya kwenye cherehani ya mkono, ile kuukuu. Baba hutumia ile ya miguu. Hii ya mkono aliniachia mimi kwa sababu ilikuwa inalia na mshono wake unakunjamana. Alisema ndiyo tabia yake, ni mzee. Mchukuzi mmoja akatua gunia lake la viazi kwenye ngazi ili apumue. Akawa anakodolea macho mpini wa cherehani.

"Mashine hii, mutu akizungusha tu, inashona?"

"Inashona," nikasema, macho chini.

"Hata mi?"

Shangazi hakuinua hata kichwa. "Hata wewe. Nusu faranga."

Ilikuwa utani. Lakini yule mchukuzi akafungua fundo la shuka kiunoni, akatoa nusu faranga, akaiweka mezani. Shangazi akaitazama sarafu, akanitazama mimi, na mimi nikajua kwamba nimekwisha.

"Shubiri moja!" akasema. "Usizidishe!"

Mwanamume ambaye si wa nyumbani kwetu hakuwahi kukaa karibu nami hivyo. Nikashika kitambaa, nikaitazama sindano, na naweza kusema kwamba sikuinua macho tena kwa miaka mitatu. Ndivyo nilivyoiweza kazi hii. Kama na wewe ni mwoga wa watu, Konsolata, itazame sindano. Hakuna atakayekulaumu, maana vidole vyako viko hatarini.

Yule mchukuzi alizungusha kinyume. Wengi wa mara ya kwanza huzungusha kinyume, wakivuta mpini kuelekea kifuani kana kwamba wanateka maji kisimani. Ukiruhusu hivyo, uzi unajisokota chini ya kitambaa kama kiota cha ndege, na utakaa robo saa unaukata kwa kiwembe. Kabla hawajaanza, wekeni mkono wenu juu ya gurudumu na mseme, "Mbele, si nyuma." Mimi nilikuwa sisemi, nilikuwa nasukuma gurudumu tu, wakaelewa.

Wenzake wakaja kumcheka, wakabaki kulipa. Adhuhuri baba alitoka ndani na futi shingoni, akaiinua ile foronya. Mshono ulikuwa umekwenda kama njia ya mlevi.

"Nani kashona hiki?"

"Mji," akasema Shangazi.

Foronya haikumfaa mtu, lakini bati la sarafu lilinunua kitambaa cha gauni moja dogo, na gauni lile tulilishona hivyohivyo, barazani, kwa mikono ya watu, Jumanne iliyofuata. Likanunua kitambaa cha la pili. Huo ndio mtindo wetu mpaka leo: gauni lililo kwenye cherehani linamnunulia kitambaa mtoto anayefuata. Tunaanza na mtoto mdogo kuliko wote, kwa sababu gauni dogo linaisha upesi, na watu wanapenda kuona kitu kikiisha. Likiisha, Shangazi analitundika kwenye fimbo na akina mama wanapiga vigelegele. Mkubwa anakuwa wa mwisho. Kumbukeni hilo la mkubwa, nitalirudia.

Vifaa ni vichache. Cherehani, kiwembe, chaki, mafuta kidogo. Bati la sarafu likae chini ya meza, na lisitikiswe kamwe. Ukitikisa bati, wewe ni mwombaji, na shingo zitageuka. Kipimo ni shubiri ya anayelipa mwenyewe. Hili lilileta ugomvi mwaka wa kwanza, pale mpiga kasia mmoja mwenye kiganja kama sahani alipopewa shubiri ya Shangazi.

"Mama, nusu faranga ni ya mi, na mukono ni ya mi. Kwa nini nipimwe na mukono ya mwanamuke?"

"Kwa sababu mkono wako ukipimia, gauni zima utalimaliza wewe."

"Bon, nilimalize, kuna ubaya gani?"

Watu wakacheka, Shangazi akashindwa, na tangu hapo kila mtu anapimiwa kiganja chake. Mwenye kiganja kikubwa anatembea amevimba kichwa, mwenye kidogo anasema amedhulumiwa, na wote wawili wanarudi Jumamosi.

Mambo mawili nilijifunza kwa kukosea. La kwanza: msifumue. Usiku wa gauni la kwanza baba alitaka kufumua mishono yote aishone upya, kwa heshima ya ufundi wake. Shangazi akamnyang'anya. Wiki iliyofuata mama mmoja muuza samaki alimsimamisha yule mtoto njiani, akamgeuza bega, akaonyesha mshono uliopinda kuliko yote: "Hapa ni mi!" Kumbe watu wanaitafuta mishono yao. Baba sasa anapitisha mshono wake mmoja kwa ndani, wa kuzuia gauni lisiachie, na anaacha yao juu.

La pili: mtoto asikae karibu na cherehani. Mwanzoni tulimweka mtoto kwenye kigoda, tukidhani watu wakimwona watapata huruma. Walipata, tena upesi. Walitoa sarafu bila hata kutaka kuzungusha. Mtoto akaanza kulia, polepole, bila sauti, akijificha uso kwa kiwiko. Shangazi akamwinua, akamfungia andazi kwenye jani la mgomba, akampeleka mwenyewe kwa nyanya yake, kwa miguu. Aliporudi akasema, "Mtoto si picha." Hatukufanya tena. Hatusemi gauni ni la nani. Tunasema ni la mtoto.

Mwaka wa pili alikuja askari, na hapo nilidhani kazi imekwisha.

"Kuombaomba barabarani ni marufuku," akasema.

"Nani anaomba?" akauliza Shangazi. "Wewe unaona mtu anaomba? Hapa watu wanashona."

Askari akatazama mstari wa watu. Akatazama chini ya meza, bati likiwa limefunikwa kwa kanga. Kisha akavua kofia, akaikabidhi kwa mtu, akalipa. Alizungusha mbele, vizuri, kwa kasi hata nikaona kidole changu kinakwenda na sindano. Baadaye alikuwa anapita kila Jumanne kuuliza kama utaratibu unafuatwa.

Mwaka huohuo alisimama madame mmoja na gari lake, voiture, mmoja wa wale wenye nyumba za ufukweni. Akatoa faranga tano, akataka ashone mikono yote miwili ya gauni. Shangazi akampa shubiri moja, akamrudishia chenji, akamwonyesha mwisho wa mstari. Nami nilitaka kuingia chini ya meza. Lakini alikwenda! Alisimama nyuma ya mchuuzi wa mkaa, kofia yake kubwa kichwani, akarudi zamu yake ilipofika, na tena, na tena, huku mchuuzi wa mkaa akimfundisha kuhesabu kwa Kiswahili. Kwa hiyo sheria tulikuwa nayo na ilikuwa inafanya kazi: shubiri moja, kisha nyuma ya mstari, uwe nani. Tuliivunja mara moja tu, mwaka huu, na tuliivunja kwa adabu.

Haji Sefu mnamjua. Duka lake la vitambaa ndilo kubwa hapa kwetu, na baraza ya baba yangu ni ya kupanga kwake. Ijumaa moja baada ya sala alipita na watu wake, akasimama, akatazama kidogo. Magauni matatu tulikuwa tumekwisha kuyatundika na mengine manne yalikuwa yanangoja. Akatoa noti, akaiweka juu ya meza, akasema, "Watoto hawa wako juu yangu."

Sasa, mtu mzima akikufanyia hivyo unafanyaje? Unashukuru. Na hapa kwetu kushukuru chinichini ni sawa na kununa. Shangazi akasimama katikati ya njia, akainua mikono, akapaza sauti iliyofika mpaka sokoni: "Haji kawabeba! Enyi watu, Haji kawabeba watoto!" Vigelegele. Baba akatoka akampa mkono kwa mikono miwili. Hata mimi nilisema "Asante, Mzee", na kwangu hiyo ni hotuba.

Noti ile ilitosha kitambaa cha magauni matatu na uzi. Haikutosha manne. Haji hakuwa na kosa, hakuwa ameuliza wako wangapi, na sisi hatukuthubutu kumwambia. Tukasema, watu watamalizia.

Jumamosi nikakaa kwenye cherehani. Mji ukapita. Mchuuzi wa mkaa akanisalimia, akapita. Yule mama muuza samaki akasimama, nikafurahi, kumbe alitaka andazi.

"Mama, leo hushoni?" Shangazi akamwuliza.

"Nishone nini tena? Si Haji amemaliza?"

"Hajamaliza."

"Ayi we! Usiseme hivyo, mutu atakusikia." Akashusha sauti. "Haji amesema ni juu yake. Mi nikiweka nusu faranga yangu juu ya noti yake, ni kusema noti yake ni kidogo. Nani ataniuzia kitenge kwa deni tena?"

Ndivyo walivyosema wote, kila mmoja kwa namna yake. Jumanne hivyohivyo. Usiku wa Jumamosi baba na mimi tulikuwa tumeshona wenyewe magauni mawili kwa kitambaa cha Haji, ndani, na hakuna aliyepiga kigelegele. La tatu nililiacha mezani limekatwa, pengine mtu ataona huruma. Jumatatu iliyofuata shule ilikuwa inafunguliwa, na kitambaa cha gauni la mwisho, la yule mkubwa, hakikuwapo.

Mkubwa alikuwa Tereza. Umri wake ni miaka kumi na mitatu, anakaa na nyanya yake na mdogo wake Ana kule chini kwenye mitumbwi. Huyo Ana alikuwa amekwisha pata gauni lake, la pili kushonwa, kabla ya noti. Tereza anaingia darasa la mwisho, na sista alimwambia anaweza kufika mbali. Jumatano jioni alikuja barazani nikiwa nafagia vipande vya nyuzi. Hakuketi.

"Dada Zaina, ile ya mi muache."

"Kwa nini tuache?"

"Kuna madame moja anatafuta mutu wa kulea mutoto. Nitaanza Jumatatu."

"Jumatatu ni shule."

"Ndiyo," akasema.

Nikamwambia Haji ni mtu mwema, tukimweleza ataongeza, na gauni litapatikana kabla ya Jumatatu. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Itakuwa ya Haji ao itakuwa ya batu?"

Nikaendelea kufagia mahali palepale.

"Ya Ana ilishonwa na batu. Hakuna mutu anamuuliza kitu. Lakini wale wawili waliovaa ya Haji, umeona? Nyanya yao anawatuma kila asubuhi kufagia mbele ya duka. Haji hakuwaita, ni nyanya mwenyewe anasema lazima. Mitumbwini tayari wanaitwa batoto ba Haji. Nyanya yangu ni vilevile. Kama ni ya Haji, mi sivai." Akaokota kipande cha uzi nilichokisahau. "Kwa madame nitafagia pia, lakini yeye atanilipa."

Nilimweleza Shangazi. Hawezi kwenda kwa Haji: mwanawe amemwoa binti wa Haji, na mtu hazungumzi mambo ya pesa na mkwe wake, hasa baada ya kumsifu mpaka sokoni. Baba naye ni mpangaji wake. Tulikaa wote watatu tukiitazama cherehani. Nilijua wanafikiria nini, na walijua kwamba najua, na hakuna aliyetaja jina langu. Ndiyo adabu ya nyumbani kwetu.

Alhamisi nikaenda peke yangu. Nilikuwa nimeiandika hotuba kwenye daftari na kuikariri njia nzima. Nilipoingia dukani, karani alikuwa anapima kitambaa kwa mita, Haji ameketi nyuma ya meza na kikombe cha kahawa, na hotuba ikatoka kichwani yote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe si binti wa fundi? Nani kakutuma?"

"Sikutumwa."

Akangoja. Nami nikangoja. Karani akaacha kupima ili aone ni nani atachoka kwanza. Haji akachoka.

"Kitambaa hakikutosha?"

"Hakikutosha, Mzee."

"Na ulishindwa kusema?" Akavuta droo, akaweka noti mbele yangu juu ya meza. "Chukua. Mwambie baba yako amalizie."

Sitawadanganya, nilitaka kuichukua. Ilikuwa imelala pale, imekunjwa mara mbili, na ndani yake mlikuwa na gauni la Tereza na zaidi. Mkono wangu ulikuwa umekwisha anza kwenda. Nikaurudisha nyuma ya mgongo.

"Hapana, Mzee."

Karani akaangusha mita.

"Hapana nini?" akauliza Haji, polepole.

"Naomba nusu faranga."

"Nusu faranga? Mimi?"

"Na uje kuizungusha mwenyewe. Jumamosi. Usimame kwenye mstari, mbele ya watu." Nikaona nimefika mbali, nikaona heri nimalize. "Watu wanaogopa kuweka yao juu ya yako. Wakiona na wewe umetoa nusu faranga, wataacha kuogopa. Kuna mtoto mmoja hatavaa gauni la mtu mmoja."

Kahawa ilikuwa inapoa. Haji akairudisha noti kwenye droo, akaifunga.

"Baba yako anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Nenda nyumbani."

Nilikwenda. Ijumaa nzima nilingoja mtu aje kumwambia baba ahame barazani. Sikula. Mama alidhani nina homa, nami nikaona homa ni maelezo mazuri, nikakaa nayo.

Jumamosi tulitoa cherehani kama kawaida. Watu wakapita kama kawaida. Kabla ya adhuhuri nikasikia njia imekuwa kimya, na kwa kuwa siinui macho, nikaona kwanza viatu: vyeusi, vimepakwa rangi. Halafu pindo la kanzu. Haji alikuwa peke yake, bila watu wake. Hakukuwa na mstari wa kusimama, lakini alisimama pale mstari unapoanzia, mpaka Shangazi aliyekuwa amejificha nusu nyuma ya nguzo akasema, "Karibu."

Akaweka nusu faranga mezani. Akaketi. Akapimiwa kiganja chake. Nikasahau kuweka mkono juu ya gurudumu.

Akazungusha kinyume. Na hakuzungusha kidogo, alizungusha kwa nguvu, kwa heshima, mgongo umenyooka, akivuta mpini kifuani raundi baada ya raundi, cherehani inalia kama paka, na chini ya kitambaa uzi unajikusanya kiota kikubwa ambacho sijapata kukiona. Kitambaa kikaanza kurudi nyuma. Hakuna aliyethubutu kusema. Mimi nilithubutu kidogo kuliko wote.

Ndipo yule mama muuza samaki, beseni kichwani, akashindwa kujizuia.

"Yoo! Haji! Unairudisha dukani?"

Wote wakamtazama Haji. Halafu mchuuzi wa mkaa akacheka. Halafu wachukuzi. Halafu Shangazi, na mnajua Shangazi akicheka. Watu wakatoka kwenye maduka kuuliza kuna nini. Haji akaacha mpini, akalitazama lile fundo la nyuzi, akaupangusa uso kwa leso.

"Haya mama," akasema, "wewe unayejua, njoo unionyeshe."

"Nionyeshe bure?"

"Lipa kama nilivyolipa."

Akatua beseni, akalipa, na wakati wote huo mimi nimeinama na kiwembe nakata nyuzi. Haji akainama karibu yangu, kama anayeomba radhi kwa uharibifu wake, akasema neno kwa sauti ya chini. Nikajibu "Ndiyo, Mzee" bila kusikia vizuri. Alipoondoka, yule mama alikuwa amekwisha shika mpini: "Tazameni, ni hivi! Mbele! Hata Haji alishindwa!"

Baada ya hapo kila mtu alitaka kuonyesha kwamba anamshinda Haji. Mstari ulifika kwa kinyozi. Wasiokuwa na nusu faranga waliikopa kwa wenzao mstarini. Gauni lililokuwa mezani likaisha. Baba akatumwa dukani kwa Haji na bati la sarafu, akanunua kitambaa cha buluu kwa bei ya kila mtu, akakikata palepale kwenye mkeka, na gauni kubwa kuliko yote likaanza. Alasiri lilikuwa limebaki pindo.

Mtu wa mwisho mstarini aliweka nusu faranga iliyolowa maji. Kiganja kilikuwa chembamba, kina magamba ya samaki. Niliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza nikiwa kwenye cherehani.

Alikuwa Tereza. Sheria ni kwamba mtoto asikae karibu na cherehani. Lakini hakuna aliyejua kwamba gauni ni lake, na nusu faranga alikuwa ameipata kwa kuosha samaki za mtu. Alizungusha mbele, taratibu, sawasawa, mpaka mwisho wa pindo. Shangazi akalitundika kwenye fimbo. Tereza alipiga kigelegele pamoja na wengine, akaondoka, na jioni baba akalipeleka gauni kwa nyanya yake limefungwa kwenye gazeti.

Jumapili asubuhi niliitoa cherehani ili niisafishe kabla ya kuifungia sandukuni. Niliifuta vumbi, nikatia mafuta, nikatoa kikopo cha bobini, kile kinachoshika uzi wa chini, kutafuta vipande vya uzi wa Haji. Nikiwa nacho mkononi ndipo nikasikia, kama mtu anasikia saa ya ukutani baada ya chumba kunyamaza, lile neno aliloniambia nilipoinama: "Uzi wa chini umekazwa mno. Legeza robo."

Nilichukua bisibisi ya baba ndogo. Nikalegeza parafujo ndogo ya ubavuni mwa kikopo, ile inayokaza uzi, robo ya mzunguko. Nikarudisha kikopo, nikaweka kipande cha kitambaa, nikazungusha. Haikulia. Mshono ulilala bapa kama umepigwa pasi, cherehani ileile iliyokunjamanisha kila nguo ya mji huu kwa miaka mitatu.

Nikakaa nayo kidogo. Kisha nikaingia ndani. Baba alikuwa na pini mdomoni.

"Baba, Haji aliwahi kushona?"

Akazitoa pini moja moja. "Haji? Kabla ya duka alikuwa fundi, tena wa makoti. Kwani hiyo ya mkono ulidhani niliinunua kwa nani?"

Nilirudi barazani nikiukumbuka mpini ule uliovutwa kifuani, raundi baada ya raundi, na fundi wa makoti. Nilichukua kipande cha chaki nyekundu, nikaitia alama parafujo mahali pale ilipo, nikafunika cherehani, nikafunga sanduku. Ufunguo uko kwa Shangazi. Hawa, Konsolata: parafujo hiyo msiiguse, na hili la Haji msilitangaze sokoni.